Mume, mke na nyumba ya kupangisha: hesabu inayoanzia darini

Kazi yangu ni ukadiriaji majenzi, na nilikuwa nimeandaa makisio ya gharama za nyumba nyingi za watu hapa Moshi na Arusha kabla mimi na mume wangu hatujanunua nyumba yetu ya kwanza ya kupangisha, nyumba chakavu iliyoko Pasua, mjini Moshi, ambayo tulikusudia kuigawa iwe ya wapangaji watatu. Mtu angedhani kwamba mwenye kazi hii hawezi kukosea hesabu ya nyumba yake mwenyewe. Tulikosea, na kosa halikutokana na bei ya saruji wala nondo, bali na jinsi watu wawili wanavyoamua juu ya fedha moja.

Siku fundi alipobandua ubao wa dari katika chumba cha nyuma, tulikuta papi tatu, zile mbao zinazopigiliwa mabati, zimeliwa na mchwa hadi nikazivunja kwa vidole, na kwenye kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, kulikuwa na michirizi ya maji iliyoanzia kwenye matundu ya misumari. Wiki hiyohiyo mume wangu alikuwa amekwisha kulipia vigae vya bafuni vya bei ya juu kuliko nilivyoandika kwenye makisio, kwa kuwa alivipenda dukani. Fundi alitutazama kwa zamu, kisha akaniambia, "Mama, tukipiga dari jipya mpangaji hataziona hizo papi." Ni kweli asingeziona, mpaka masika yafike na maji yapitie katikati ya hilo dari jipya.

Tangu hapo mpangilio wangu wa ukarabati haubadiliki: paa kwanza, halafu maji taka, maji safi na umeme, na mwisho kabisa lipu, rangi na vigae. Sababu ni ya kihesabu zaidi kuliko ya kiufundi, kwani kazi inayofichwa ikifanywa baada ya ile inayoonekana, ile inayoonekana hulipiwa mara mbili. Kwa maji taka, kipimo changu ni rahisi: fungua mfuniko wa chemba, yaani kishimo cha kukagulia bomba la maji taka, mwaga ndoo mbili za maji chooni kwa mfululizo, halafu hesabu muda maji yanaouchukua kufika na kuondoka. Yakisimama, usinunue sinki. Katika umeme, kila mpangaji awe na mita yake ya LUKU, yaani ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, kwa maana sijaona chanzo cha ugomvi kinachozidi mita moja inayochangiwa na nyumba tatu, mmoja akiwa na taa mbili na mwingine akipikia jiko la umeme. Ukiongeza chumba au ukibadilisha umbo la jengo, omba kibali cha ujenzi halmashauri kabla fundi hajachimba msingi.

Kuhusu vigae, hatukugombana sana, ila tulinunua kaunta buku. Kila badiliko la zaidi ya shilingi 100,000 nje ya makisio huandikwa humo na kusainiwa na sisi wote wawili kabla fedha haijatoka, na asilimia 10 ya makisio yote hutengwa kwa ajili ya dharura ambazo ni lazima ziwe dharura kweli, kama papi zilizooza. Naongeza hapa kwamba ukarabati usipangwe kumalizika Desemba katika mji huu, mwezi ambao kila Mchagga aliyeko mbali anarudi nyumbani, na nusu ya mafundi wako migombani wakipaka rangi nyumba za Krismasi.

Sasa mapato. Chukua mfano wa nyumba iliyonunuliwa kwa shilingi milioni 44 na kukarabatiwa kwa milioni 18, yenye wapangaji watatu wanaolipa 250,000 kila mmoja kwa mwezi. Watu wengi huzidisha, wakapata milioni 9 kwa mwaka, wakaanza kuzitumia. Mimi huondoa kwanza mwezi mmoja ambao nyumba itakaa wazi, zikabaki 8,250,000, kisha huondoa kodi ya zuio ya asilimia 10 inayokatwa kwenye pango, yaani 825,000, na baada ya hapo 750,000 za matengenezo. Zinabaki 6,675,000, ambazo ni karibu asilimia 11 ya milioni 62 zilizowekwa. Kiwango hicho kinafaa kulinganishwa na hati fungani za serikali, yaani fedha unazoikopesha serikali kwa riba, ambazo hazivuji wakati wa masika, kabla wanandoa hawajauza kiwanja kingine ili wanunue nyumba ya pili.

Jambo ambalo wateja wangu hulikwepa ni majina kwenye hati ya umiliki. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaweka dhana kwamba mali iliyo katika jina la mwanandoa mmoja ni yake peke yake, na iliyo katika majina ya wote wawili ni yao kwa usawa, ingawa dhana hizo zinaweza kupingwa kwa ushahidi. Kifungu cha 59 kinazuia mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini nyumba ya ndoa kwa tafsiri ya sheria hiyo ni ile ambayo mume na mke huishi pamoja kwa kawaida, kwa hiyo ile ya Pasua wanayoishi wapangaji haimo. Ni kweli kwamba katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, lakini huo ni mgawanyo unaofanyika ndoa ikiwa imekwisha kuvunjika. Kuandika majina mawili mapema ni rahisi kuliko kukusanya risiti za mabati baada ya miaka kumi na tano.

Ugumu mkubwa zaidi uko kihambani, yaani kwenye ardhi ya ukoo ya Wachagga. Nimeombwa mara kadhaa kukadiria ukarabati wa nyumba iliyojengwa na baba mkwe juu ya kihamba, ambao fedha zake zinatoka kwenye mkopo wa mke, na kila mara ninauliza swali lisilopendwa: ukoo umekubali nini, na kwa maandishi gani? Ardhi ya ukoo haigeuki kuwa ya wanandoa kwa sababu wameweka vigae. Palipokosekana jibu, nimeshauri mkopo huo ununue kiwanja chenye hati mahali pengine, hata kikiwa kidogo.

Kwa wapangaji, mkataba wetu umeandikwa, una majina yetu sote, na pango huingia kwenye akaunti moja ya pamoja. Simu hupokelewa na mmoja tu, kwani mpangaji aliyekataliwa na baba humfuata mama jioni akiwa na hadithi nyingine. Mwaka jana mpangaji mmoja aliniletea risiti ya LUKU akitaka kujua kwa nini anakatwa shilingi 1,500 kila mwezi. Nikamweleza kuwa ni kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukusanywa kupitia umeme ilhali mwenye wajibu nayo ni mwenye nyumba. Tulikubaliana ipunguzwe kwenye pango lake kila anapolipa, na mume wangu akayaandika makubaliano hayo kwenye kaunta buku, ukurasa uleule wenye vigae.