Maswali Mia Nane, Kosa Moja

Jumamosi iliyopita kijana mmoja anayejiandaa kwa LSAT, mtihani wa kuingilia shule za sheria nchini Marekani na nyingi za Kanada zinazofundisha kwa Kiingereza, aliniwekea mezani, hapa Kamalondo, Lubumbashi, daftari nene na kuniambia kwa fahari, «Mwalimu, nimemaliza maswali mia nane.» Nilimwuliza amekosa mangapi, naye alikuwa na hesabu kamili: mia tatu na kumi. Nilipomwuliza aliyakosa kwa sababu gani, alinyamaza kidogo, kisha akaniahidi kwamba ataongeza mengine mia mbili. Nimelisikia jibu hilo mara nyingi mno mwaka huu, na safari hii nimeona afadhali niandike kuliko kugomba.

Naelewa imani hiyo inakotoka. Wengi wetu tulijiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari hapa Kongo, kwa kurudia maswali ya miaka iliyopita hadi mkono ukalijua jibu kabla ya kichwa. Maswali ya hoja ya LSAT, yanayokupa habari fupi na kukutaka uipime hoja iliyomo, hayakubali mtindo huo, kwa kuwa kila swali lina habari yake, ilhali kosa lako ni lilelile. Nililipekua daftari la kijana huyu kwa saa nzima, na katika makosa ya kurasa ishirini za kwanza zaidi ya nusu yalikuwa kosa moja: kuligeuza sharti, yaani kuisoma «A ikiwepo, B ipo» kana kwamba inasema pia «A isipokuwepo, B haipo». Alikuwa amelifanyia mazoezi mara nyingi sana, na sasa analifanya haraka.

Hapa lazima niwe mwadilifu kwake, maana vitabu humwita mwanafunzi wa namna hii mzembe, nami sikubaliani navyo. Mama akimwambia mtoto, «Ukiosha vyombo utakula bukari,» yaani ugali, mtoto anasikia pia kwamba asipoviosha hatakula, na yuko sahihi kabisa, kwa sababu mama asingehangaika kuweka sharti kama chakula kingepatikana vyovyote vile. Lugha yetu inaishi kwa makubaliano hayo yasiyosemwa, na hata kiambishi chetu cha -ki- hakitenganishi «ikiwa» na «wakati». Mtihani, kinyume chake, unamtaka msomaji ayasahau makubaliano na ashike maneno yaliyoandikwa tu: akiosha, atakula; asipoosha, hatujaambiwa lolote. Kwa hiyo sipendi tena kumwambia mwanafunzi kwamba hawezi kufikiri. Namwambia anafikiri kama mtu anayeishi na watu, na kwamba kwa dakika 35 za kila sehemu atalazimika kuacha.

Wanaotaka sheria wapate mfano wa sheria. Kanuni yetu ya Familia hapa Kongo, ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, haimruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kufunga ndoa. Hakuna anayedhani kwamba kila aliyetimiza miaka 18 tayari ana ndoa halali. Sharti la lazima ni hilo, lisilokwepeka lakini lisilotosha peke yake, na kila mtu analiona pale anapojua mambo yenyewe. Shida huanza habari ya mtihani inapohusu jambo geni, kama vyura wa Amerika Kusini.

Sasa swali lililotugombanisha. Nililitunga mwenyewe ili tuwaache vyura: «Lori la mjomba lina karatasi zote za forodha. Kwa hiyo litavuka Kasumbalesa leo,» yaani mpaka wetu na Zambia. Hoja hii inategemea dhana ipi? Kijana alichagua D, «Kila lori lenye karatasi zote za forodha huvuka siku hiyohiyo,» akaiacha B, «Mpaka hautafungwa leo kutwa.» Nilipomwuliza sababu, alisema kwamba D ina nguvu zaidi. Ni kweli ina nguvu. Ukiipata D, hitimisho limethibitika. Lakini swali halikuuliza dhana inayotosha, liliuliza dhana ambayo hoja haiwezi kusimama bila hiyo. Ikanushe B: mpaka umefungwa kutwa, na lori limelala upande wetu. Ikanushe D: yako malori yenye karatasi ambayo hayavuki siku hiyohiyo, jambo ambalo dereva yeyote wa barabara ile atakuapia, lakini la mjomba bado laweza kuwa miongoni mwa yanayovuka.

Kijana hakukubali. «Mwalimu, hata ukiikanusha D hoja inadhoofika.» Nilimjibu kwamba kudhoofika si kuvunjika, na hapo hapo nikajua kwamba jibu langu ni jepesi kuliko tatizo lenyewe. Yako maswali ambayo baada ya miaka ya kufundisha bado siwezi kuonyesha kwa kidole mahali udhaifu unapogeuka kuwa mvunjiko. Natambua jibu kwa kuyakataa machaguo mengine manne. Vilevile sina hakika kama michoro ya mishale, inayounganisha sharti na matokeo yake, inasaidia. Wengine inawaokoa, wengine wanachora vizuri sana huku saa inakwisha, kwani maswali 24 hadi 26 kwa dakika 35 humwachia mtu kama dakika moja na nusu kwa kila swali, pengine pungufu.

Mengine ni mafupi. «Baadhi» haimaanishi kwamba waliobaki hawamo. Jibu la kukisia halikatwi alama, basi usiache nafasi tupu. Na fotokopi za vitabu vya zamani zinazozunguka mjini bado zina michezo ya mantiki, mafumbo ya kupanga vitu kwa masharti, iliyoondolewa kwenye LSAT Agosti 2024. Tangu hapo, sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa ni za hoja, kwa hiyo anayekesha na michezo ile anakesha bure.

Sikumpa kijana maswali mapya. Nilifunika majibu ya maswali yake 25 ya kwanza, nikamtaka aandike, kwa kila chaguo analolikataa, sentensi moja ya kulikataa, na nikamkatalia maneno «haliendani na habari», ambayo hutumiwa na asiyejua sababu. Alianza saa nane mchana. Umeme ulipokatika saa kumi na mbili alikuwa kwenye swali la saba, amekasirika, na chaguo C la swali la tano alikuwa amelifuta mara tatu.