Unawashwa Saa Ngapi?

Mama mmoja kutoka mtaa wa Kayole, Nairobi, aliingia kliniki yetu ya ngozi na mfuko wa kitambaa mkononi. Kabla sijamuuliza lolote, aliumimina juu ya meza: tyubu saba za krimu, chupa ya losheni ya kalamini iliyobaki robo, na pakiti ya Piriton iliyokwisha. "Daktari, hizi zote nimejaribu. Sasa niandikie ile yenyewe."

Nilizipanga tyubu mstari mmoja nikasoma maandishi madogo ya ubavuni. Tano kati ya saba zilikuwa dawa ya aina ileile yenye majina tofauti: steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, iliyochanganywa na dawa ya fangasi na dawa ya bakteria. Alikuwa amenunua kitu kimoja mara tano, na kwa miezi minne hakuna aliyemuuliza swali ninaloanza nalo kila siku. Mama, unawashwa saa ngapi?

Alifikiri kidogo. "Usiku. Nikishajifunika tu." Na nyumbani, nani mwingine anajikuna? Akamtazama mtoto aliyempakata. Mtoto alikuwa ametulia, macho yapo dirishani, lakini kucha za mkono wa kulia zilikuwa zinakwaruza katikati ya vidole vya kushoto bila kukoma.

Naandika haya kwa yeyote anayewashwa na hajui kwa nini. Wengi hufika kwetu wakiwa wameshaambiwa kwamba wana damu chafu, kwamba wamebadilisha maji tangu wahamie Nairobi, au kwamba hawaogi vizuri. Neno hilo la mwisho ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu mtu akishalisikia huanza kujisugua kwa dodoki na kuoga maji yaliyotiwa dawa ya kuua viini, mara mbili au tatu kwa siku. Ngozi inakauka, inapasuka, na muwasho unazidi. Kujikuna nako kunadanganya. Maumivu madogo ya kucha huzima muwasho kwa dakika chache, kisha ngozi iliyochubuka huita muwasho mwingine mkali kuliko wa kwanza. Si udhaifu wa mtu. Mishipa ya fahamu ndivyo inavyofanya kazi.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda kemisti kununua tyubu ya nane, jiulize maswali kadhaa. La kwanza ni la saa.

Karibu kila muwasho huzidi usiku, kwa kuwa mwili unapata joto la blanketi na akili haina la kuishughulisha. Usiku peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Lakini usiku ukiungana na watu wawili watatu wa nyumba moja wanaojikuna, fikiria upele kwanza. Nasema upele, ule wa mdudu, si kipele chochote tu. Ni mdudu mdogo asiyeonekana vizuri kwa macho, anayechimba vijishimo ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Hupenda katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kwapani, kuzunguka kitovu na kiuno, matakoni, chuchu za wanawake na sehemu za siri za wanaume. Anayempata kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 2 hadi 6 kabla ya kuwashwa, na muda wote huo anawaambukiza wenzake bila kujua. Ndiyo maana mtoto wa bweni hurudi likizo akionekana mzima, shule inafunguliwa, na ndipo nyumba nzima inaanza kujikuna. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017. Ili kuenea, upele unahitaji ngozi iliyogusana na ngozi kwa muda, na chumba kimoja chenye watu watano kinautosha. Usafi wa mtu hauhusiki sana.

Dawa zake zipo na si ghali mno: krimu ya permethrini ya asilimia 5, losheni ya benzili benzoeti, au vidonge vya ivamektini kwa wanaoruhusiwa kuvimeza. Zinashindwa kwa sababu moja kubwa kuliko zote: anapakwa anayelalamika, wengine wanaachwa. Permethrini hupakwa kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo, chini ya kucha pia, usiku mmoja, na watu wote wa nyumba, anayewashwa na asiyewashwa. Watoto wachanga hupakwa na kichwani, ila hao waonwe kwanza na mhudumu wa afya. Baada ya siku 7 rudieni. Asubuhi, nguo na mashuka yaliyotumika siku hizo yafuliwe kwa maji moto na kupigwa pasi. Yasiyofulika yafungiwe kwenye ndoo kubwa yenye kifuniko kwa wiki nzima, kwa kuwa mdudu huyu akikosa ngozi ya mtu hufa ndani ya siku 2 au 3. Usipuuze upele wa mtoto. Vidonda vya kujikuna vikiingia bakteria vinaweza kuleta maradhi ya figo.

Swali la pili: kipele kimoja hukaa muda gani mahali pake? Usitazame vipele vyote kwa jumla. Chagua kimoja. Chukua kalamu ya wino, kizungushie duara, andika saa pembeni. Kesho saa kama hiyo, tazama. Kama duara lipo na ndani yake ngozi ni laini kama kawaida, ilhali uvimbe umehamia kwingine, hayo ni mabaka ya mzio, yale yanayofura kama umepitia kwenye upupu. Baka moja la aina hii halimalizi saa 24. Likikaa zaidi ya hapo, likauma kuliko kuwasha, na likaacha alama kama ya kuvilia damu, tunataka kuliona haraka kidogo.

Wenye mabaka haya huteseka kwa namna yao. Wanaamka wamefura, wanapanda matatu hadi hospitali, wanapanga foleni, na wakiitwa chumbani ngozi imeshatulia. Mhudumu haoni kitu. Wengine huondoka wakihisi wameonekana waongo. Piga picha kwa simu saa ileile yanapotoka, mahali penye mwanga wa jua, moja ya karibu na moja ya mbali. Picha mbili za namna hiyo zinanisaidia kuliko vipimo vingi vya damu.

Na hapa niseme ukweli ambao wagonjwa wengi hawapendi kuusikia. Mabaka yakidumu zaidi ya wiki 6, mara nyingi hatupati kitu cha nje kinachoyaleta. Si mayai, si nyanya, si samaki. Aghalabu kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayochokoza seli za ngozi zimwage histamini, kemikali inayoleta uvimbe na muwasho. Nimeona watu waliobaki na ugali na sukuma wiki pekee, wamekonda, wanaogopa kula kwenye harusi ya ndugu, na mabaka bado yapo. Usiache chakula ambacho hakikukudhuru. Chakula kinacholeta mzio huonyesha upesi, kwa kawaida ndani ya saa mbili, na hurudia kila unapokila. Zaidi ya chakula, angalia dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni. Hizo huweza kuchochea mabaka.

Kukosa sababu si kukosa tiba. Dawa za mzio kama setirizini au loratadini, zikimezwa kila siku kwa utaratibu bila kungoja muwasho uje, huwatuliza wengi, na zisipotosha daktari anaweza kuongeza dozi au kubadili. Piriton husinzisha. Dereva, fundi wa jengoni na mtu wa bodaboda wasiitegemee. Kwa wengi hali hii huisha yenyewe, ingawa inaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitano.

Swali la tatu ni la mahali. Muwasho chini ya kitovu tu, sawasawa na kifungo cha chuma cha suruali ya jinzi, au kwenye ndewe za masikio, hiyo ni nikeli inayozungumza. Ukingo wa nywele na shingoni, baada ya kupaka rangi nyeusi ya nywele au hina nyeusi, ni dawa iliyomo ndani ya rangi. Aleji ya kugusa haitokei papo hapo. Hujitokeza siku 1 hadi 3 baadaye, ndiyo maana mtu analaumu kitu kingine kabisa, sabuni ya jana au nyama ya juzi. Duara lenye ukingo ulioinuka na katikati palipopoa ni choa, ambacho wengi hapa mjini tunakiita mashilingi. Mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, kwa mtoto mwenye pumu au mafua ya mara kwa mara, ni ukurutu. Vipele vigumu miguuni na mikononi vya mtoto, vitatu vitatu kwa mstari, tafuta kunguni kwenye mishono ya godoro, au viroboto kama kuna paka au mbwa.

Kuna mdudu mmoja wa kwetu hasa, anayebeba jina la jiji letu: Nairobi fly. Mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, hufuata taa usiku baada ya mvua. Katika mvua za El Niño za 1997 na 1998 alijaa kila mahali. Haumi na hadungi. Sumu imo ndani ya mwili wake, na wewe unaitoa unapomponda shingoni. Siku moja au mbili baadaye ngozi inatoka mstari wa malengelenge, kama umechapwa au umeunguzwa, na huchoma kuliko kuwasha. Wengi hudhani ni mkanda wa jeshi. Akikutua, mpulize, kisha osha mahali hapo kwa sabuni na maji.

Vitabu vingi husema vipele ni vyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo haujitokezi wazi. Unaona zambarau, kijivu, au weusi uliozidi, na wakati mwingine unahisi kwa kidole kabla ya kuona kwa jicho. Usikubali kuambiwa huna kitu kwa sababu hakuna wekundu.

Turudi kwenye zile tyubu. Sizichukii steroidi, na ningekosa cha kuwapa wenye ukurutu kama zisingekuwepo. Lakini steroidi ni kama blanketi juu ya moto. Ukiipaka juu ya choa, muwasho unatulia siku tatu, fangasi anatambaa chini yake, ule ukingo wa duara unapotea, na hata sisi tunashindwa kumtambua. Juu ya upele, vipele vinafifia huku wadudu wakizaana. Kali kama klobetasoli ikipakwa usoni kwa miezi inaifanya ngozi nyembamba, inaleta chunusi na michirizi, na ukiiacha ghafla uso unawaka. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina steroidi hizohizo bila kuandikwa kwenye pakiti. Muulize wa kemisti: hii ina steroidi? Ni kali au nyepesi? Ni ya siku ngapi? Asipoweza kujibu, usinunue.

Huku ukisubiri kuonwa, punguza mambo. Maji ya vuguvugu kwenye beseni, dakika kumi zinatosha, hata Julai baridi inapokubana na maji moto yanavutia. Sabuni isiyo na manukato. Jifute kwa kubonyeza taulo taratibu, usisugue, na ngozi ikiwa bado na unyevu jipake mafuta mazito ya mgando yasiyo na harufu. Muwasho ukipanda, kitambaa kilichochovywa maji baridi juu ya mahali hapo kwa dakika kumi. Kucha fupi. Nguo za mitumba zifuliwe kabla ya kuvaliwa.

Kuna muwasho usiohitaji krimu yoyote kutoka kwangu. Anayewashwa mwili mzima na hana kipele hata kimoja isipokuwa mikwaruzo yake, apimwe damu, ini, figo na tezi ya shingo. Mjamzito anayewashwa viganja na nyayo, hasa miezi ya mwisho, aende kliniki siku hiyohiyo. Vipele vidogo vigumu, vyenye muwasho mkali, vilivyodumu miezi mikononi na miguuni, vinaweza kuwa dalili ya kinga iliyoshuka. Kipimo cha virusi vya Ukimwi ni bure katika vituo vya umma, na nimeona ngozi nyingi zikipona kwa sababu mtu alipima na kuanza dawa.

Na kuna la kukimbiza, hata saa nane ya usiku. Midomo au ulimi kufura, kupumua kwa shida, kizunguzungu. Au vipele vilivyokuja wiki chache baada ya kuanza dawa mpya kama Septrin au ya kifafa, pamoja na homa, vidonda mdomoni, macho mekundu, ngozi inayouma na kubanduka. Usimeze tena kidonge hicho. Beba pakiti yake na uende hospitali kubwa iliyo karibu.

Yule mama alirudi baada ya siku kumi, na hakuwa na furaha. Walijipaka permethrini wote watano, wakafua, wakarudia, na bado anawashwa. Nilikagua katikati ya vidole vyake na vya mtoto. Hapakuwa na kijishimo kipya. Wadudu walikuwa wamekufa, ila mabaki yao hubaki ndani ya ngozi na mwili huendelea kuyapinga kwa wiki 2 hadi 4. Nilimpa mafuta ya kulainisha na kidonge cha jioni, na nikamsihi asijipake permethrini mara ya tatu, maana hiyo nayo ingemchubua.

Mwezi uliofuata alikuja na swali jingine. Muwasho umeisha, mtoto analala, lakini mikono imejaa madoa meusi, na jirani amemwonyesha krimu ya kuyafuta. Nilimwomba aniletee tyubu. Alikuwa nayo mkobani, haijafunguliwa. Tuliisoma pamoja, kisha akairudisha dukani. Madoa yatafifia yenyewe, miezi sita au mwaka.