Miwani ya baiskeli: weusi wa kioo si kinga

Naendesha kwenye lami tu, siingii porini. Miwani ya nini?

Lami ndiyo yenye mwendo, na mwendo ndio unaoumiza jicho. Ukiwa kwenye kilomita 35 kwa saa unakata karibu mita 10 kila sekunde. Mdudu akikuingia jichoni ukafumba kwa sekunde mbili, umeshapita mita 20 huoni vizuri, na mkono mmoja umeshaacha usukani ili ujifikiche. Ongeza kokoto zinazorushwa na matairi ya malori, mchanga wa pembeni mwa barabara, na upepo unaokausha machozi.

Jua nalo lina hesabu yake. Kila ukipanda mita 1,000, mionzi ya urujuanimno (UV) huongezeka kwa takriban asilimia 10. Anayefanyia mazoezi Iten, Kenya, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huona baridi akadhani jua limempa nafuu. Mionzi haijui baridi. Ikichanganyika na vumbi na upepo kwa miaka mingi, huchangia kile kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho, mara nyingi upande wa pua, kikatambaa kuelekea mboni. Madaktari hukiita pterijiamu. Huchangia pia mtoto wa jicho.

Basi nichague kioo cheusi kabisa?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapopoteza pesa. Rangi hupunguza mwanga tunaouona. Mionzi ya UV hatuioni, na huzuiwa na aina ya plastiki yenyewe au dawa iliyowekwa kwenye lenzi. Lenzi nyeupe ya polikaboneti (plastiki ngumu), isiyo na rangi hata kidogo, huzuia karibu mionzi yote ya UV. Miwani nyeusi isiyo na kinga ina ubaya wake: nyuma ya giza mboni hutanuka, mlango ukawa wazi zaidi kwa mionzi inayopenya.

Tafuta maandishi UV400, maana yake lenzi huzuia mionzi hadi urefu wa wimbi wa nanomita 400. Lakini stika yeyote anaweza kuichapisha. Maduka mengi ya miwani yana kifaa kidogo cha kupimia, na kazi yenyewe haimalizi dakika moja. Omba wakupimie.

Weusi wenyewe hupangwa kwa madaraja 0 hadi 4. Daraja la 3, linalopitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga, linatosha jua kali la mchana. Daraja la 4 ni la theluji na vilele vya milima. Barabarani halifai, utaingia kivuli cha miti usilione shimo.

Miwani ya chapa za waendesha baiskeli siimudu. Ninunue nini?

Nenda duka la vifaa vya ujenzi uulize miwani ya usalama, ile wanayovaa mafundi wa grenda. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya miwani ya chapa, na kwa kuzuia kokoto mara nyingi inaishinda ile ya mitindo inayouzwa kandokando ya barabara.

Igeuze uielekeze kwenye mwanga, usome maandishi madogo kwenye pembe ya lenzi na kwenye mkono wa fremu. Ya kiwango cha Ulaya, EN 166, huweza kuandikwa hivi: 2C-1.2, kisha alama ya kiwanda, kisha 1 F. Namba 2C inaonyesha kichujio cha UV kisichoharibu rangi unazoziona, 1.2 ni lenzi nyeupe. 1 ni daraja la juu la usafi wa kuona. F ina maana lenzi ilipigwa na kigololi cha chuma cha milimita 6 kwa mwendo wa mita 45 kwa sekunde na ikahimili. Ukikuta 5-3.1 mwanzoni, hiyo ni ya jua. Ya kiwango cha Marekani huandikwa Z87+. Ile alama ya kujumlisha ndiyo inayosema imepimwa kwa kishindo kikubwa. Isiyo na maandishi yoyote iache dukani.

Halafu ifanyie majaribio mawili. Ishike mbali na uso, utazame fremu ya mlango kupitia lenzi huku ukiisogeza taratibu: mstari ukijipinda, kichwa kitakuuma kabla hujafika kilomita ya 30. Kisha ivae, uiname kana kwamba umeshika usukani wa chini, utazame mbele. Ukingo wa juu wa fremu ukikukata macho, haikufai hata ikiwa ya bure.

Ukiweza kununua mbili, moja iwe nyeupe. Anayetoka saa kumi na moja alfajiri anahitaji nyeupe kwa saa nzima ya mwanzo, na jioni ndipo vidudu vinapojaa hewani.

Ninavaa miwani ya daktari. Inatosha?

Kwa kokoto, inategemea lenzi. Ya kioo halisi huvunjika vipande vikali, hivyo mwambie fundi wa miwani akutengenezee ya polikaboneti. Pembeni bado itaacha nafasi. Zipo miwani za usalama kubwa zinazovaliwa juu ya miwani ya kawaida. Sura yake si ya kupigia picha, lakini zinafanya kazi.

Mbona inajaa ukungu na mikwaruzo upesi?

Ukungu huja unapopanda kilima polepole au unaposimama kwenye taa, kwa sababu hewa haipiti. Isogeze kidogo kuelekea ncha ya pua. Nyumbani, paka tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ndani ya lenzi, kisha futa kwa kitambaa laini hadi isionekane.

Mikwaruzo husababishwa na pindo la fulana. Vumbi la barabarani ni mchanga, na ukilifuta likiwa kavu unapiga msasa. Mwaga maji kwanza, sabuni kidogo, suuza, ndipo ufute. Petroli, tina ya kuyeyushia rangi na asetoni usizisogeze karibu: polikaboneti hupasuka nyufa ndogondogo na kinga ya kokoto inakwisha.

Pesa iliyobaki nianze na nini?

Helmeti, kisha taa ya nyuma, kisha reflekta ya kuvaa, kisha glovu. Helmeti ya mtumba sishauri: povu lake likishaanguka vibaya mara moja limemaliza kazi, na ufa hujificha chini ya ganda. Ikae vidole viwili juu ya nyusi, na kati ya mkanda na kidevu kiingie kidole kimoja. Mikono ya miwani ipite juu ya mikanda ya helmeti, si chini yake, ili ukianguka miwani iweze kuchomoka.

Kitu kimeshaingia jichoni. Nifanyeje?

Simama kando. Usifikiche, chembe ya mchanga chini ya kope huchora kioo cha jicho kila unapofikicha. Osha mikono, pepesa macho mara nyingi, kisha vuta kope la juu lifunike la chini ili nywele za kope la chini zipanguse. Isipotoka, mimina maji safi kutoka kona ya pua kuelekea nje. Ndiyo maana chupa moja kati ya mbili unazobeba kwenye baiskeli iwe ya maji matupu, isiwe na juisi wala glukosi.

Ikiwa ni saruji au chokaa, ambayo hupeperuka kutoka kwenye malori, osha mfululizo kwa dakika 20 hadi 30 kisha nenda hospitali hata kama maumivu yametulia, kwani hizo huendelea kuunguza ndani kwa ndani.

Kitu kikiwa kimelichoma jicho na kukwama humo, usikichomoe wala usioshe. Funika kwa kikombe cha karatasi bila kugandamiza, uende hospitali mara moja. Nenda pia siku hiyo hiyo kama uoni umepungua, mwanga unaumiza, au kuna doa jeupe kwenye sehemu nyeusi ya jicho.

Maziwa ya mama, maji ya sukari na majani yaliyotwangwa huingiza vijidudu kwenye mchubuko. Na matone ya deksamethasoni (dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe) yaliyobaki kwa jirani usiyaguse: wekundu utapungua upesi, huku kidonda cha fangasi kikichimba chini yake.