"Popote tu": jibu la mtoko wa kwanza linaloumiza baadaye

"Ungependa tukale wapi?"

"Popote tu."

Wachumba wakinisimulia siku walipokutana, majibizano haya hayakosekani. "Popote tu," "mimi sina shida," "vyovyote utakavyoona." Yanasemwa kwa adabu, na anayeyasema hajioni kuwa amedanganya. Lakini katika kazi yangu ya kushauri wachumba na wanandoa hapa Dodoma, nimeona uchumba mwingi ukivunjwa na adabu ya namna hii kuliko na uongo wa makusudi.

Nianze na jiji lenyewe. Nilipoanza kazi hii, Dodoma ilichangamka Bunge likiwa na vikao na vyuo vikiwa vimefunguliwa, kisha ikatulia. Serikali ilipoanza kuhamia kwa wingi kuanzia 2016, walikuja watu wengi ambao hapa hawana ndugu. Mtu amepanga Nzuguni au Kisasa, kazini ni Mtumba, na mtaani hakuna anayejua kwao ni wapi. Zamani kabla posa haijapokelewa, wazee walikuwa wameshatuma mtu kuulizia: ukoo huo ukoje, kuna ugonjwa gani unaorithiwa, kijana ameacha mke wapi. Leo wawili wamejuana kwa simu, wanakutana Area D mbele ya sahani ya kuku na chipsi, na hakuna aliyeulizia lolote kwa niaba yao. Kazi ile ya wazee wameachiwa wao wenyewe, na wengi wao hawajui kama wameachiwa.

Nitoe mfano, nikibadilisha yale yanayoweza kuwatambulisha wahusika. Kaka ni mtumishi aliyehamia kutoka Dar es Salaam, ana watoto wawili aliozaa na mwanamke waliyekwisha kuachana, na haoni haja ya wengine. Dada ni mwalimu, mzaliwa wa Mpwapwa, mama yake anaugua na yeye ndiye mtoto aliyebaki karibu. Siku ya mtoko wa kwanza kaka aliulizwa kama anapenda watoto. Akajibu, "Watoto nani asiyewapenda?" Dada naye akaulizwa kama angekuwa tayari kuhama. Akajibu, "Mke si anamfuata mumewe?" Majibu mazuri yote mawili, mshenga yeyote angeyafurahia. Na hakuna hata moja lililojibu swali.

Walikwenda hivyo miezi minane. Mahari imeshapangwa, nusu imetolewa, kamati ya harusi imeanza kuchangisha, ndipo kaka akapata barua ya uhamisho wa kurudi Dar na dada akasema haendi. Jioni hiyo hiyo likaibuka na la watoto. Walipofika kwangu kila mmoja aliamini mwenzake ni mwongo. Niliwarudisha hadi kwenye meza ile ya kwanza, neno kwa neno, na wote wawili wakanyamaza muda mrefu.

Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa hawaendani katika mambo mawili ambayo hayagawiki. Hakuna nusu ya mtoto, na huwezi kumuuguza mama Mpwapwa ukiwa unaishi Dar. Siku hizi nasikia sana hoja kwamba tangu treni ya umeme ianze safari za Dar na Dodoma mwaka 2024, umbali si tatizo tena. Inasaidia kwenda kusalimia. Kumpa mgonjwa dawa usiku wa manane ni jambo jingine.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aseme nini siku ya kwanza, namrudishia swali: mwenzako akilijua hili leo, anaweza kuamua vingine? Kama ndiyo, lisemwe. Uko kwenye ndoa, au mmetengana lakini hamjapeana talaka: hilo lisemwe hata kabla hamjapanga siku ya kuonana. Watoto ulionao, na kama unataka wengine. Dini, na hasa nani anatarajiwa kubadili. Kama unatafuta ndoa au unatafuta mtu wa kuzungumza naye jioni. Na hapa niongeze jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ndoa iliyofungwa Kiislamu au kimila huchukuliwa kuwa inaruhusu mke zaidi ya mmoja, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Dada kama unajua moyoni kwamba uke wenza hutauweza, uliza mapema, tena kwa maneno yaliyonyooka.

Sisemi mtu amwage kila kitu. Ukila mlenda kwa mara ya kwanza ukausifu ilhali umekwama kooni, hujamdhuru mtu. Mshahara wako, habari za uliowahi kuwapenda, ugomvi wa nyumbani kwenu, vyote vitasubiri. Hata vipimo vina wakati wake: cha VVU kabla ya kukutana kimwili, cha selimundu (sikoseli) kabla ya posa, kwa sababu wazazi wote wawili wakiwa wamebeba kinasaba chake, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Mazungumzo hayo yanataka watu walioanza kuaminiana.

Wengi wanaogopa kwamba kusema ukweli ni kumvunjia mtu heshima. Lugha yetu ina upole wa kutosha kwa kazi hii. "Kaka, nimefurahi kukufahamu. Ila mimi nimejipanga kubaki karibu na mama, na nisingependa nikupotezee muda wako." Hapo hakuna aliyetukanwa. Kinachomvunjia mtu heshima ni kumchunia: simu haipokelewi, ujumbe umesomwa haujibiwi, naye anabaki akijikagua usiku kucha alikosea wapi, wakati hakukosea popote. Na Dodoma bado ni ndogo. Mtakutana tu soko la Majengo.

Wale wawili waliachana. Urudishaji wa mahari ulikuwa na maneno mengi, na familia zao mpaka leo hazisalimiani.

Baadaye dada alinipigia. Alikuwa ametoka na mtu mwingine, na juisi haijaletwa akamweleza habari za mama na Mpwapwa. Yule kaka alimshukuru, akamwambia yeye anahamia Mwanza mwezi unaofuata na hatarajii kurudi. Wakamaliza juisi zao wakizungumzia bei ya zabibu, kisha akamsindikiza hadi kwenye bajaji. Hawakutafutana tena. Alinisimulia hayo kwa sauti nyepesi, ambayo sikuwahi kuisikia kwake wakati ule wa kamati ya harusi.