Hadithi haisubiri mzuka

Watu wengi wanaamini eti hadithi nzuri haiandikiki mpaka mzuka ukupande, usiku, kimya, bahari iko mbele yako. Jamani hapana. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani huku kwetu Tanga, alizaliwa 1909 akafariki 1962 na miaka mingi ya hapo katikati alikuwa karani wa serikali, alianzia forodhani 1926, sasa mtu wa ofisini vile angekaa kusubiri mzuka vitabu vyote vile angeviandika saa ngapi? Mara nyingi mzuka unakuja ukishaanza. Nenda Deep Sea, soko la samaki hapa Tanga, asubuhi boti zikiingia, beba kidaftari, sikiliza watu wanavyobishana bei ya vibua, andika maneno yao hivyohivyo, usiyapambe.

Na staili nayo wanadhani ni misamiati migumu, hii ndo inaniuma zaidi maana inaua hadithi za vijana wengi. Ukiandika "alighubikwa na simanzi" msomaji haoni kitu, ila ukiandika mama kashika ndoo tupu anahesabu chenji mara ya tatu na mnada wa samaki unaisha, ataumia mwenyewe bila kuambiwa. Kisha soma kwa sauti, pale ulimi unapokwama futa uandike upya.