Kitoroli cha sokoni: yanayosemwa na yalivyo kweli

Kila Jumamosi alfajiri natoka Tabata, Dar es Salaam, kwenda soko la Buguruni nikiwa nimekibana kwapani kitoroli changu cha kukunja kama mwamvuli. Bomba mbili, magurudumu mawili, kibao cha chini kinachoinuka na kulala, na kamba mbili za mpira zenye ndoano. Nikirudi kinabeba mchele kilo 10, unga kilo 5, mafuta lita 5, viazi, vitunguu, nazi nne, na mchicha juu ya vyote. Huu ni mwaka wa nne, na muda wote huo nimesikia maneno yaleyale kutoka kwa majirani, makonda, wauza nyanya na mama yangu mzazi. Mengine yana chembe ya ukweli. Mengi yanawafanya watu waendelee kuumia mabega bila sababu, na hilo linaniuma.

"Hicho ni cha wazee na wagonjwa"

Mama yangu ana magoti yanayomsumbua, lakini alikikataa miezi mitatu mizima. "Mwanangu, watu wataona nimekwisha." Nilikuwa nadhani aibu hii ni ya kwetu tu, kumbe ina historia ndefu. Mwaka 1937, mjini Oklahoma City huko Marekani, mwenye maduka mmoja aliyeitwa Sylvan Goldman aligundua kwamba wateja huacha kununua pale kikapu kinapowalemea mkononi. Alitazama kiti cha kukunja, akakitia magurudumu miguuni na kukipakia vikapu viwili vya waya. Ndiyo toroli ya kwanza ya dukani, na ilikuwa ya kukunja. Wateja wakaigomea. Wanaume waliona itawaonyesha kuwa hawana nguvu, akina dada wakasema imekaa kama kigari cha kichanga. Goldman ilimbidi awalipe watu wa rika mbalimbali waisukume humo dukani, ili wengine waone na kuzoea.

Masanduku ya safari nayo yalipita njia hiyohiyo. Bernard Sadow, Mmarekani mwingine, alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya sanduku lenye magurudumu mwaka 1972, baada ya maduka kumkatalia kwa hoja kwamba mwanamume hawezi kuonekana anavuta sanduku. Leo nenda stendi ya Magufuli pale Mbezi uangalie kama kuna kijana anayeona haya kuvuta begi lake. Begi la nguo likivutwa ni usafiri, viazi vikivutwa ni uzee? Sioni tofauti.

"Bibi zetu walibeba kichwani, na hawakufa"

Hapa naenda polepole, kwa sababu nawaheshimu waliobeba. Ubebaji wa kichwani ni ujuzi wa kweli. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha vipimo walivyofanyiwa wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya, wale wanaobeba kichwani na wale wanaoning'iniza mzigo mgongoni kwa ukanda wa kipajini. Walionekana kubeba mpaka asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila mwili kutumia nguvu zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Mzigo ukizidi hapo, nguvu nayo inaongezeka. Mwanamke wa kilo 60, basi, kiwango chake ni kilo 12. Na hao walikuwa watu waliozoea kubeba hivyo, shingo na mwendo vimeshashikana na mzigo.

Sasa jiulize wewe unabebaje. Wengi wetu mjini hatubebi kichwani. Tunabeba mfuko mmoja mkono wa kulia, mwingine kushoto, wa tatu umening'inia kwenye kiwiko. Vishikio vinakata vidole mpaka ncha zinakuwa nyeupe. Mzigo ukiwa upande mmoja, misuli ya mgongo ya upande wa pili inakaza muda wote ili usipinde. Huko siko kubeba kwa bibi. Tumeacha ujuzi wake, tumebaki na uzito wake.

Na kuhusu "hawakufa": Kariakoo yenyewe, soko letu kubwa, imebeba jina la wapagazi. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, na Nairobi wana Kariokor yao kwa sababu hiyohiyo. Wapagazi wale walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na kuchoka. Ninaposikia mtu anasifu mzigo kana kwamba mzigo wenyewe ndio heshima, nawakumbuka wao.

"Kwa barabara zetu hakifai"

Hili ndilo lenye chembe kubwa ya ukweli, na mimi lilinipata. Kitoroli changu cha kwanza nilikinunua kwa sura yake. Kitambaa cha maua, mpini unaong'aa, magurudumu madogo kama kifuniko cha chupa ya chai. Jumamosi ya pili, pale penye mfuniko wa mtaro uliochomoza kidogo, gurudumu lilisimama, mimi nikaendelea. Pini ikachomoka, kitoroli kikalala ubavu, na nyanya za fungu tatu zikaingia kwenye maji ya mtaro. Nilirudi nyumbani nimekibeba begani pamoja na mzigo. Kama ningeishia siku hiyo, na mimi ningekuwa nasema hakifai.

Kosa halikuwa la barabara. Lilikuwa la gurudumu. Hesabu yake ni rahisi, na natamani kila muuzaji angeieleza. Chukua kizingiti cha sentimita 3, kitu cha kawaida kabisa mtaani. Gurudumu lenye upana wa sentimita 8 toka ukingo hadi ukingo, likivutwa mbele kwa mlalo, linadai nguvu inayokaribia mara nne ya uzito uliopakiwa ili lipande. Lenye sentimita 16 linadai mara moja na robo. Lenye sentimita 20 linadai nguvu sawasawa na uzito wenyewe. Kwa mzigo wa kilo 20, hiyo ni tofauti ya kuvuta kana kwamba ni kilo 77 na kuvuta kilo 20 zilezile. Kizingiti kikifika nusu ya kimo cha gurudumu, halipandi kwa kuvutwa mbele hata uwe na nguvu za nani. Litanyanyuliwa tu.

Kwa hiyo ninapokwenda na mtu kununua, sitazami maua. Naweka mkono juu ya gurudumu: shibiri. Likijaza shibiri yangu au kukaribia, tunaendelea kuzungumza bei. Likiishia katikati ya vidole, tunakirudisha. Baada ya hapo natazama unene, kwa sababu mitaa ya mchanga inameza gurudumu jembamba hata likiwa kubwa. Halafu naligeuza kwa kidole. Lenye beringi linazunguka lenyewe muda, bila kuyumba. La plastiki tupu juu ya chuma linakwaruza na kusimama, na hilo litajila lenyewe kidogo kidogo mpaka tundu lipanuke.

Vile vya magurudumu manne madogo yanayozunguka kila upande ni vya sakafu ya duka kubwa. Vinavutia sana pale dukani, kwa kuwa vinajaribiwa juu ya vigae. Toka navyo nje uone.

Kuna na vile vyenye magurudumu matatu kila upande, yamefungwa kama nyota, vya kupandia ngazi. Kwa anayeishi ghorofa ya tatu isiyo na lifti vinasaidia kweli, maana gurudumu moja likigonga kidato nyota inageuka na lingine linakanyaga juu. Lakini magurudumu yake huwa madogo, na kwenye mchanga yanateseka. Chagua kulingana na njia yako, siyo ya jirani. Na kwenye ngazi yoyote, mtu akae juu, mzigo uwe chini yake, akipanda na akishuka pia.

Penye kingo za barabara, geuka, kipe mgongo kizingiti, kivute kikufuate. Ukisukuma mbele, nguvu yako inakikandamiza chini.

"Kimeandikwa kilo 50, kinabeba kilo 50"

Kimesimama, labda. Kikishatembea, kila shimo ni nyundo inayogonga pini, ribiti na mshono wa mfuko. Mimi namba iliyoandikwa naigawa kwa mbili, na hapo ndipo mwisho wangu. Kagua sehemu tatu: pale ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu, inapoingia kwenye fremu, kile kikofia kinachozuia gurudumu lisitoke, na mshono wa chini ya mfuko kama una mstari mmoja wa uzi au miwili.

Upakiaji nao ni nusu ya kazi. Kitoroli cha magurudumu mawili kikiinamishwa ni mtaimbo tu. Mpini ukiwa mita 1 kutoka kwenye ekseli, na uzito wa mzigo umetulia sentimita 30 kutoka hapo, kilo 20 zinakuwa kama kilo 6 mkononi mwako. Rundika mchele juu na mchicha chini, uzito upande mpaka sentimita 60, na kitoroli kilekile chenye mzigo uleule kitakuwa na kilo 12 mkononi. Mchele chini, umeegemea bomba. Galoni ya mafuta pembeni yake. Viazi na nazi vifuate. Nyanya zipande kwenye kikapu chao cha ukili juu kabisa, na mayai nayashika mkononi, sijawahi kupata namna nyingine ya kuyaaminia.

"Cha kukunjwa ni dhaifu"

Kufuli la kukunjia ndilo linaloamua. Kikunjue, kibane, kisha kitikise kwa mikono miwili. Bomba zikichezacheza kabla hata ya kupakia, achana nacho. Zikitulia, kukunjwa hakujakipunguzia kitu.

"Kwenye daladala kinakunjwa, hakuna shida"

Hapa wanaokipenda ndio wanaodanganya, na lazima niseme. Kinakunjwa wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi kimejaa, na kitu kilichojaa hakikunjiki. Konda wa kwanza aliniambia, "Mama, hicho hakipandi," na kwa saa ile, watu wamejaa mpaka mlangoni, alikuwa na haki yake.

Ndiyo sababu sinunui tena kile chenye mfuko mmoja mkubwa ulioshonewa kwenye fremu. Nina kibao kitupu na kamba, na juu yake nafunga mifuko yangu mitatu ya kawaida, ile tuliyoizoea tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Nikifika kituoni nafungua ndoano, nakunja kibao, mifuko inapita chini ya kiti na fremu inasimama katikati ya magoti. Sekunde 20, nimeshapima. Konda yuleyule siku hizi ananipokea mifuko. Kwenye mabasi ya mwendokasi kuna afadhali nyingine, kwa vile sakafu ya kituo iko sawa na ya basi. Hapo kinaingia kikivutwa, mradi usiwe muda wa watu kutoka kazini.

"Kinawanyima wachukuzi riziki"

Kijana mmoja wa mkokoteni aliniuliza hili uso kwa uso, na lilinifikirisha siku nzima. Nilimjibu nilivyoona: mzigo wangu wa Jumamosi sikuwahi kumpa mchukuzi hata kabla ya kitoroli, niliubeba mwenyewe mpaka bega likakataa. Nikinunua gunia la viazi kwa ajili ya shughuli namwita yeye, maana hakuna kitoroli cha nyumbani kitakachobeba gunia. Alicheka, akaniambia kamba zangu nimezifunga vibaya, akanionyesha fundo lao la kupitisha mara mbili chini ya kibao. Sijawahi kufunga vingine tangu siku hiyo.

"Ukishanunua umenunua, hakina matunzo"

Kinakufa kwa chumvi na nyuzi. Ukitoka nacho soko la samaki la Feri, maji ya barafu yanayochuruzika yana chumvi, na ndani ya wiki chache utaona kutu kwenye ekseli. Mimi namwagia kata mbili za maji safi, nafuta, nakiacha juani kimelala. Mwisho wa mwezi nachukua kisu kidogo nakata nywele na nyuzi za magunia zilizojizungusha kwenye ekseli, maana ndizo zinazokaza gurudumu hadi watu wadhani beringi imekufa. Halafu tone la grisi. Pini ikilegea, fundi baiskeli wa mtaani anayo, na atakuwekea ukiwa umesimama hapohapo.

Mama alikichukua mwenyewe baada ya ile miezi mitatu ya kukikataa, siku ambayo sikuwepo nyumbani. Alienda nacho genge la kona kununua ndizi mkono mmoja na mkaa wa shilingi elfu mbili. Niliporudi nilikikuta nyuma ya mlango, kimekunjwa, kimepanguswa, na kwenye mpini amefunga kipande cha khanga yake kuukuu ili chuma kisimuumize kiganja.