Mtoto anayeharisha asinyimwe maji

Wengi huamini kwamba kumnywesha mtoto kunazidisha kuhara. Sivyo: kinachoua ni kupungukiwa maji mwilini. Mwaka 1971, dripu zilipokwisha katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliwakabidhi ndugu wa wagonjwa wa kipindupindu mchanganyiko wa kuwanywesha: glukosi (aina ya sukari) gramu 22, chumvi gramu 3.5 na bikaboneti (baking soda) gramu 2.5 kwa lita ya maji. Vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4. Glukosi huingiza chumvi kupitia ukuta wa utumbo, na maji hufuata.

Ukikosa pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha): lita 1 ya maji safi, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vikiwa flati (visirundikwe juu ya ukingo). Chumvi ikizidi ni hatari kweli. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole kwa kijiko. Asiachishwe kunyonya.